Mpaka Uliofutika

Duka langu la steshenari liko Tunduma, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Zambia. Asiyefika mji huu asidhani ni mji wa kimya. Malori hupanga foleni mchana na usiku, mengine yakishuka na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, mengine yakipanda na mafuta na mbolea. Madereva huja kwangu kutoa fotokopi za hati zao. Mawakala wa forodha huja kuchapa barua, wanafunzi huja kuandikiwa maombi ya vyuo, na waliofiwa huja kuchapa ratiba za mazishi. Mume wangu alipofariki, kazi hii ndiyo iliyonilea mimi na watoto wangu.

Nataka kusimulia jambo lililonipata mwezi Novemba mwaka 2022. Ni jambo la kompyuta, lakini nakuomba, ndugu msomaji, usiliruke kwa kudhani kwamba ni la mafundi peke yao. Mimi mwenyewe si fundi. Nilijifunza kuchapa kwa taipureta, na kompyuta niliikuta ukubwani.

Mashine ya dukani niliinunua ikiwa imeshatumika. Ndani yake mlikuwa na diski moja ya gigabaiti 500, na aliyeniuzia alikuwa ameigawa mafungu mawili. Mafundi huyaita pateshini. Fungu la kwanza lilikaa mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Fungu la pili, ambalo mashine huliita kwa herufi D, lilikaa kazi zangu zote: barua za wateja, picha za marehemu, na hesabu za kikoba chetu.

Hapo kwenye kikoba ndipo penye kisa. Tuko wanawake 28, wauza dagaa, wauza mitumba, mama lishe, na wawili watatu wenye maduka. Tunakutana kila Alhamisi. Hisa moja ni shilingi 5,000, na kila mmoja hununua hisa kwa kadiri alivyojaliwa wiki hiyo. Tunakopeshana, tunarejesha na riba kidogo, na mwezi Desemba tunavunja kikoba na kugawana. Fedha hiyo ndiyo ada za Januari. Ndiyo mbegu na mbolea, na kwa wengine ndiyo mabati ya nyumba.

Mimi ni katibu. Zamani tuliandika katika daftari kubwa, na kila mwanachama alikuwa na kitabu chake kidogo kilichogongwa muhuri kila wiki. Mwaka 2019 niliwashawishi wenzangu tuachane na madaftari. Nilisema dunia imeendelea, kompyuta haikosei kujumlisha, na mihuri inatupotezea muda. Mama mmoja, muuza dagaa, akaniuliza, "Na hiyo mashine ikifa, katibu?" Nikacheka. Nikamwambia mashine haifi, mama, inatengenezwa. Wote wakacheka, naye akanyamaza. Kicheko kile nimekikumbuka mara nyingi tangu hapo.

Siku hizo nilikuwa nimemchukua mtoto wa kaka yangu kutoka Mlowo anisaidie dukani. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri mambo ya chuo. Kijana mtaratibu, mwepesi wa kujifunza, aliyependa sinema kama vijana wote. Mara moja aliniomba ruhusa ya kuweka sinema zake ndani ya mashine, nikamkatalia. Jioni yeye ndiye aliyefunga duka, mimi nikitangulia nyumbani kupika.

Jumamosi moja alifunga kama kawaida. Jumapili hatukufungua. Jumatatu asubuhi niliwasha mashine mimi mwenyewe. Ikachelewa kidogo, ikawaka. Nikatafuta hesabu za kikoba nizichape kwa ajili ya mkutano. D haikuwepo. Si kwamba ilikuwepo tupu, la. Haikuwepo kabisa, kama nyumba uliyoizoea ambayo asubuhi umepita mtaani ukakuta uwanja mtupu. Nilipofungua mahali pa kutazamia diski, nikaona sehemu kubwa imechorwa mstari mweusi, na maneno yanayosema eneo hilo halijagawiwa mtu.

Kijana alipoingia, alinikuta nimesimama. Sikumsalimu. Nilimwuliza amefanya nini na mashine. Akasema, "Shikamoo Shangazi. Mashine ina nini?" Nikamwambia asijifanye hajui. Nikamkumbusha sinema zake. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyefunga duka Jumamosi na ni yeye pekee mwenye ufunguo wa pili. Akasema, "Shangazi, mimi sijagusa kitu." Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika yote hapa. La mwisho lilikuwa hili, kwamba nimelea mwizi wa jasho la wajane.

Wateja wawili walikuwa mlangoni wakisikia. Kijana hakubishana. Aliweka ufunguo juu ya meza, nami nikamtupia nauli ya kurudi kwao. Nauli aliiacha palepale.

Jioni ile nilimwita mwenyekiti wetu pamoja na mweka hazina. Niliwaambia ukweli, kwamba nakala yangu ya mwisho katika flashi ilikuwa ya mwezi Machi. Tulikaa kimya muda mrefu. Zaidi ya shilingi 20,000,000 zilikuwepo. Sehemu yake ilikuwa benki, na sehemu yake mikononi mwa waliokopa. Hakuna shilingi iliyoibwa. Kilichokosekana ni kujua katika fungu lile kubwa nani ana kiasi gani, na nani anadaiwa nini. Mwenyekiti akasema, "Bora tungeibiwa, katibu. Mwizi unamfuata. Hapa tutafuatana sisi kwa sisi." Nilijua anasema kweli. Wanawake 28 wanaoaminiana kwa sababu ya daftari, ukiwanyang'anya daftari kisha ukaweka mbele yao milioni 20, huwajui tena.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa fundi. Mmoja aliniambia niigawe diski upya, mashine itakaa sawa. Mwingine akasema niweke mfumo endeshi upya kabisa. Mashine yenyewe nayo ilikuwa ikinishauri. Kila nilipoligusa eneo lile jeusi, ilinipa nafasi ya kutengeneza fungu jipya na kulisafisha. Siku ya Jumatano mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Aliyenizuia ni wakala mmoja wa forodha, aliyekuja kuchapa barua akaniona. Alisema, "Mama, usibonyeze. Kwanza mwite fundi mmoja yuko Nakonde."

Nakonde ni upande wa pili. Kwa mgeni, ni nchi nyingine. Kwetu sisi ni kuvuka tu. Tangu mwaka 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Lakini mpaka wenyewe ni wa zamani zaidi. Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu yake huko Ulaya mwaka 1890, na mwaka 1898 tume yao ikaja kuupima na kuweka alama katika nchi hii iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Wanyamwanga walikuwepo kabla ya tume hiyo, na mpaka leo wako pande zote mbili. Fundi yule naye alikuwa Mnyamwanga. Tulisalimiana kwa lugha ya nyumbani, kisha tukaendelea kwa Kiswahili, lugha aliyoijua vizuri kwa kuwa maisha yake yote yako mpakani. Alikubali kuja. Alibeba begi moja, tukavuka kwa miguu.

Swali lake la kwanza lilikuwa moja. "Tangu fungu lilipopotea, mmeandika kitu chochote juu yake?" Nikasema hapana. Akashusha pumzi, akavuta kiti. Akazima mashine, akaitoa diski, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta yake ndogo.

Alinieleza kwa utaratibu, nami nitajaribu kueleza kama nilivyoelewa. Diski ya namna ile ya zamani hupanga habari zake katika vijisanduku vidogo, kila kimoja baiti 512. Katika kijisanduku cha kwanza kabisa kuna jedwali dogo la mipaka, lenye mistari minne tu, kila mstari baiti 16. Jumla ni baiti 64. Jedwali hilo linasema fungu la kwanza linaanzia hapa na lina urefu huu, la pili linaanzia pale. Baiti moja ni sawa na herufi moja ya kuchapa. Kwa hiyo diski yenye uwezo wa baiti bilioni 500 inategemea maneno yasiyozidi urefu wa sentensi fupi. Sentensi hiyo ikifutika, mashine haijui tena kwamba kuna fungu la pili. Inaona pori.

"Lakini shamba liko palepale," fundi akasema. "Kilichong'oka ni jiwe la mpaka."

Jambo hilo sikuhitaji kurudiwa mara mbili. Nimezaliwa Mbozi, katika mashamba ya kahawa. Mzee mmoja akifa na jiwe la mpaka likang'olewa, mgeni anaweza kupita pale akaona shamba moja kubwa. Kahawa haijahama. Mtu mwenye subira anaweza kutembea akitazama mistari ya miche na mfereji wa zamani, akapata mpaka ulipokuwa. Mtu mwenye haraka huleta trekta akalima upya, na hapo ndipo shamba linapopotea kweli. Kubonyeza kile kitufe siku ya Jumatano kungekuwa kuleta trekta.

Hakuanza kutafuta mara moja. Kwanza alinakili diski nzima, kijisanduku kwa kijisanduku, kwenda katika diski yake kubwa, pamoja na lile eneo jeusi. Alisema hiyo ndiyo sheria ya kwanza, kwamba mgonjwa hapasuliwi mara mbili, kwa hiyo tengeneza nakala, ukikosea umekosea juu ya nakala. Kazi hiyo ilichukua karibu saa tano. Tukakaa. Nikamletea chai na maandazi. Malori yakaendelea kunguruma nje.

Katika kukaa kule akaniuliza nani mwingine hutumia mashine. Nikamwambia habari za kijana wa kaka yangu, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Akanisikiliza. Hakusema neno juu ya kijana. Alisema tu, "Tutaona mashine inasema nini."

Nakala ilipokamilika alifungua programu iitwayo TestDisk. Haina picha wala urembo, ni maandishi meupe juu ya weusi. Aliyeiandika ni Mfaransa aitwaye Christophe Grenier, naye anaitoa bure, mtu yeyote aweza kuitumia na hata kuusoma ufundi wake wa ndani. Programu hiyo haiulizi jedwali lililofutika. Inatembea juu ya diski kama yule mzee shambani, ikitafuta alama. Kila fungu lina kijisanduku chake cha mwanzo, chenye kutaja aina ya fungu na ukubwa wake, na katika aina ya fungu nililokuwa nalo mimi, nakala ya kijisanduku hicho huwekwa tena mwishoni kabisa. Hivyo hata mwanzo ukiharibika, mwisho unaweza kushuhudia.

Utafutaji wa haraka haukuonyesha kitu cha maana. Moyo ukanianguka. Akachagua utafutaji wa kina, namba zikaanza kupanda polepole. Baada ya muda ukatokea mstari mmoja. Fundi akabonyeza herufi P, yakashuka majina ya faili. Nikaona barua za wateja. Nikaona jina la faili ya kikoba. Nililia pale pale mbele ya mtu wa watu, na wala sikuona haya.

Hakukubali nishangilie kabla ya wakati. Alifungua kwanza faili chache aone kama ni nzima. Ndipo akaamuru programu iandike jedwali jipya. Baiti 64 zikarudi mahali pake. Akairudisha diski ndani ya mashine, tukawasha, na D ikawepo kama vile haikuondoka.

Kisha, bila kuombwa, akafungua kumbukumbu za mashine yenyewe. Kompyuta huandika mambo mengi ambayo sisi hatuyasomi. Akaniita nisome. Usiku wa Jumamosi ile, baada ya saa tatu, mashine ilikuwa imeanza kujisasisha, yaani kupokea toleo jipya la mfumo wake endeshi. Katikati ya kazi ikazimika ghafla. Ilipowashwa Jumatatu ikamalizia. Masasisho makubwa ya namna hiyo, fundi alisema, yanaweza kugusa mipaka ya diski ili kujipatia nafasi ndogo ya dharura, na umeme ukikatika wakati huo, chochote chaweza kutokea.

"Sasa mashine haijisasishi hivi bila kuuliza," akasema. "Nani aliiruhusu?"

Nilikumbuka papo hapo. Jumamosi mchana, duka limejaa, dereva ananihimiza kwa kuwa lori lake limeitwa, kisanduku kikatokea kwenye kioo. Kiliuliza kama masasisho yafanyike sasa au usiku. Nilibonyeza usiku, bila kusoma zaidi, ili kiniondokee. Jioni nilimwambia kijana aiache mashine ikiwaka. Na usiku ule umeme ulikatika. Nalijua hilo kwa sababu nilimalizia kula kwa tochi ya simu. Mambo yote matatu niliyajua siku ile ya Jumatatu niliposimama kumngojea. Sikuyaunganisha, kwa sababu nilikuwa nimeshampata mwenye kosa.

Fundi aliomba kwacha 400. Nilimlipa, nikamwongezea.

Alhamisi kikoba kilikutana. Nilichapa hesabu zote katika karatasi, nikazisoma jina kwa jina. Yule mama muuza dagaa akatoa kwenye kanga yake daftari la shule, la kurasa 40. Kumbe tangu siku ile nilipocheka, mjukuu wake amekuwa akimwandikia hisa zake kila Alhamisi. Tulilinganisha. Zililingana mpaka hisa ya mwisho. Alisema, "Basi mashine yako ni nzuri, katibu." Sikuwa na la kujibu. Siku hiyohiyo tuliamua vitabu vidogo na mihuri virudi. Hesabu sasa zinakaa mahali patatu: katika mashine, katika flashi inayokaa kwa mweka hazina, na katika karatasi.

Ilibaki safari moja. Jumapili nilipanda gari kwenda Mlowo na kilo mbili za sukari na mikate. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, watu wako mashambani wanapanda mahindi. Nilimkuta kaka uani. Nilimweleza yote bila kupunguza. Alinisikiliza akichora chini kwa kijiti. Akasema, "Mimi nilikwishayasikia kwa watu wa Tunduma kabla yeye hajafika. Mwite mwenyewe umwambie."

Kijana akaja na jembe begani. Kwetu si kawaida shangazi kumwomba radhi mtoto wa kaka yake, na maneno yalinitoka kwa shida. Nilimwambia kwamba hakukosa, mwenye kosa ni mimi, na kwamba nitawaambia wale waliosikia. Akasema, "Yamekwisha, Shangazi." Alisema kwa adabu, na naamini alinisamehe. Nilipomwambia ufunguo wake unamngoja, akatazama shamba, akasema amalizie kwanza kupanda.

Hakurudi. Mwaka uliofuata alipata chuo Mbeya. Wale wateja wawili niliwatafuta. Mmoja nilimpata, nikamwambia. Mwingine alikuwa dereva wa lori, na lori lake lilikwisha kuondoka kwenda nisikokujua, likiwa na maneno yangu ndani yake.

Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa habari ya diski methali hiyo nimeiona ikishindwa, ingawa mafundi wananiambia kwamba diski mpya zisizozunguka huweza kusafisha zenyewe kilichofutwa, na huko bahati kama yangu ni haba. Mashine mpya pia huweka nakala ya jedwali la mipaka mwishoni mwa diski, ili la mwanzo likifutika lipatikane la pili. Ni busara njema. Lakini neno lililotamkwa mbele ya watu halina nakala mwishoni ambayo mtu aweza kwenda kuichukua.

Kijana hupita kunisalimu wakati wa likizo. Hunisaidia nikimwomba, na mwaka juzi aliniwekea kifaa cha kuishikilia mashine umeme unapokatika. Tunacheka, tunakunywa chai. Ila nimeona kwamba akiingia dukani haji tena nyuma ya meza. Hukaa kwenye benchi la wateja, karibu na mlango, na akimaliza chai yake huaga na kuondoka.